Sakafu Mpya Huanzia Chini

Jua likiwa kali Korogwe, saa nane mchana watu huingia ndani wakajilaza chini, mgongo kwenye saruji. Kwingine sakafu hutumika kinyume: Wakorea wana ondoli, sakafu inayopashwa moto kwa chini, na anayebadili sakafu ya namna hiyo huchagua jiwe au marumaru kwa kuwa hupitisha joto upesi. Zulia zito huliepuka. Sisi tunazipenda marumaru kwa sifa hiyo hiyo, ila kwetu joto hutoka mwilini likaenda ardhini. Ndiyo maana sioni faida ya kutandika kapeti la plastiki ukuta hadi ukuta katika nyumba ya Korogwe. Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni habari nyingine. Kule mwezi wa saba zulia ni haki ya miguu.

*

Handeni swali la kwanza la sakafu ni maji. Saruji hukomaa kwa kunywa maji, haianikwi ikakauka kama nguo. Jamvi, yaani zege la sakafu, likishamwagwa linataka kubaki na unyevu angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Sasa, katika mji ambao maji yake ya bomba yametegemea mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), unaoyavuta kutoka Mto Pangani, nani atamwaga sakafuni ndoo aliyoinunua? Jamvi huachiwa jua, baada ya muda linatoa vumbi kila ukifagia, na lawama zote anabebeshwa fundi. Dawa ipo: funika jamvi kwa nailoni au magunia yaliyoloweshwa, maji kidogo yatadumu. Mwenye subira asubiri masika. Na katika bajeti, pesa ya maji iandikwe kabla ya pesa ya rangi.

*

Mama mmoja wa Korogwe alitaka kubandika marumaru juu ya sakafu yake iliyopasuka. Fundi hakufungua hata mfuko wa gundi. Alichuchumaa, akagonga kwa mpini wa nyundo kutoka ukutani hadi mlangoni. Katikati mlio ulikuwa mzito. Karibu na kizingiti ukawa mtupu, kama debe.

“Mama, hapa kumetitia. Tukibandika leo, zitapasuka papa hapa.”

Akamshauri wabomoe kipande kile, washindilie kifusi upya, wamwage jamvi, kisha wapige niru. Marumaru zisubiri. Mama alinyamaza kidogo, akakubali. Fundi wa namna hii, anayekataa kazi ya haraka, alipwe vizuri.

(Marumaru za bafuni na barazani zisiwe za kung’aa. Wazee wanateleza.)

*

Vijijini wengi bado wanakanyaga udongo, na hapo sakafu ni suala la afya. Katika jimbo la Coahuila, Mexico, serikali iliwamwagia watu saruji kupitia mpango wa Piso Firme. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2009 ilionyesha kuwa kubadili sakafu yote ya udongo kulipunguza vimelea vya tumboni kwa watoto kwa asilimia 78. Rwanda, shirika la EarthEnable linashindilia udongo wenyewe na kuupaka mafuta ya mbegu za kitani. Unakuwa mgumu, unapigwa deki, na gharama yake ni ndogo kuliko ya saruji. Halmashauri za Handeni na Korogwe zipeleke mafundi wao Rwanda wakajifunze, kisha zianze na nyumba zenye watoto wanaotambaa.