Si gesi ya bei bali tairi lifaalo litakalookoa maisha barabarani

MKATABA wa uhamiaji wa wafanyakazi ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024 ulijadiliwa sana kwa upande wa ajira na mishahara. Kabla hata wino haujakauka, madereva watano wa mabasi kutoka Kenya walikuwa wamekwisha kupokewa katika mji wa Flensburg, kaskazini mwa Ujerumani, chini ya mpango wa majaribio.

Dereva anayetoka Kenya kwenda kufanya kazi huko hukabiliwa na lugha ngeni na kuendesha upande wa kulia wa barabara. Fauka ya hayo, hukutana na jambo ambalo shule za udereva za Nairobi na Kisumu hazina sababu ya kulifundisha, nalo ni tairi la majira ya baridi.

Hata hivyo, asiyetarajia kuvuka mipaka asidhani kwamba jambo hilo halimhusu. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa kutoka Japani huja yamevalishwa matairi yayo hayo ya theluji. Wakati huo huo, baadhi ya vituo vya mafuta nchini huwauzia wenye magari gesi ya nitrojeni kwa ada, ilhali upepo wa kawaida aghalabu hujazwa bure.

Swali basi ni lile lile Flensburg na Nairobi: mwenye gari analipia nini, na ni kipi hasa kitakachomwokoa?

Mpira na kipimajoto

Tairi la kawaida hutengenezwa kwa mpira unaohimili joto. Halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, mpira huo huanza kukakamaa na kupoteza mshiko wake barabarani, hata kama hakuna chembe ya theluji.

Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko laini zaidi unaobaki mnyumbufu katika baridi kali. Uso wake una mikato myembamba mingi inayopindapinda, ambayo kazi yake ni kuing'ang'ania theluji na barafu.

Ndiyo maana Wajerumani wana ada ya kuvalisha magari yao matairi hayo kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Sheria yao haitaji tarehe, bali hali ya barabara. Penye theluji, barafu au sakitu, ni hatia kuendesha gari bila matairi yanayofaa. Faini ya dereva huanzia Euro 60, pamoja na alama moja ya adhabu katika rekodi yake. Mwenye gari aliyeruhusu litumike katika hali hiyo naye hutozwa Euro 75.

Tangu Oktoba 1, 2024 herufi M na S zilizokuwa zikichapishwa ubavuni mwa tairi hazitoshi tena nchini humo. Ni sharti tairi liwe na picha ya mlima wenye vilele vitatu na kitone cha theluji ndani yake, alama ambayo hutolewa baada ya tairi kujaribiwa kwenye theluji. Kwa mabasi na malori mazito, matairi hayo yanatakikana kwenye ekseli zinazosukuma gari na vilevile kwenye zile za mbele zinazoongozwa na usukani.

Nchini Uswidi, matairi hayo ni lazima kati ya Desemba 1 na Machi 31 barabara zinapokuwa katika hali ya baridi. Mkoa wa Quebec nchini Kanada hausubiri theluji: magari yaliyosajiliwa huko hutakiwa kuwa nayo kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15.

Gesi inayouzwa

Katika nchi hizo, siku ya kubadilisha matairi ndiyo siku ambayo mteja huulizwa kama angependa yajazwe nitrojeni. Kabla ya kujibu, yafaa akumbuke kwamba asilimia 78 ya hewa anayoivuta bure tayari ni nitrojeni. Oksijeni ni asilimia 21 hivi.

Wanaoitetea gesi hiyo hawasemi uongo. Nitrojeni kavu haina unyevu, na hupenya mpira polepole kuliko oksijeni. Suala ni ukubwa wa faida yenyewe.

Jarida la Consumer Reports la Marekani lilifanya jaribio la mwaka mzima, kuanzia Septemba 2006 hadi Septemba 2007, kwa aina 31 za matairi yaliyojazwa kipimo cha PSI 30. Yaliyokuwa na hewa ya kawaida yalipoteza wastani wa PSI 3.5, na yenye nitrojeni PSI 2.2. Tofauti ilikuwa PSI 1.3 kwa mwaka, upungufu ambao hurekebishwa kwa dakika chache mtu akipita kituoni.

Isitoshe, nitrojeni haina kinga dhidi ya baridi. Tairi lililojazwa PSI 32 ndani ya karakana yenye joto la nyuzi 20, kisha gari likalala nje penye nyuzi 10 chini ya sufuri, litaamka na PSI 27 hivi. Kwa hewa au kwa nitrojeni, matokeo ni yale yale, kwa kuwa gesi zote mbili hunywea kwa kiwango kinachokaribia kulingana.

Iko sekta moja ambako nitrojeni ni suala la kufa na kupona. Mnamo Machi 31, 1986 ndege aina ya Boeing 727 ya shirika la Mexicana ilianguka nchini Mexico na kuua watu wote 167 waliokuwamo. Uchunguzi ulibaini kuwa tairi moja lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya nitrojeni. Breki iliyokwama ililipasha joto likalipuka na kuharibu mifumo muhimu ya ndege.

Katika joto kali kiasi hicho, oksijeni iliyomo ndani ya tairi huweza kuchochea mwako. Gari la kumpeleka mtu kazini halifikii hali hiyo katika matumizi ya kawaida.

Tairi zuri mahali pabaya

Hatari iliyo karibu zaidi na msafiri wa Kenya ni tairi la theluji kwenye lami iliyochomwa na jua. Ili kuielewa, ni vyema kutazama ilikotoka.

Zamani Wajapani wa maeneo ya baridi walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari hiyo ilichimbua lami na kutimua vumbi lililochafua hewa mijini, hali iliyosababisha sheria ya kuyadhibiti matairi hayo kupitishwa mwaka wa 1990. Matairi laini yasiyo na misumari yakachukua nafasi yake, na ndiyo yanayopatikana kwenye baadhi ya magari yanayouzwa katika nchi za nje.

Mnunuzi anapolikagua gari hilo Mombasa, macho humdanganya. Huona mifereji yenye kina na uso wa tairi usio na kipara, akafurahi kwamba ameepuka gharama ya matairi mapya. Kumbe mpira ule laini, kwenye joto la Voi au Garissa, hulika haraka na huyumba gari linapokata kona kwa kasi. Dereva anapofunga breki ghafla, gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama kuliko lile lenye matairi ya kawaida. Hatua chache hizo zaweza kuwa ndizo zilizobaki kati ya gari na mtoto anayevuka barabara.

Watu zaidi ya 4,000 walifariki katika ajali za barabarani nchini kila mwaka kati ya 2021 na 2024. Si haki kuyabebesha matairi lawama yote, kwani mwendo wa kasi, ulevi na uchovu vina sehemu yao. Lakini tairi ni kitu ambacho mwenye gari anaweza kukikagua mwenyewe kabla hajatia ufunguo.

Alama zipo waziwazi. Picha ya mlima na kitone cha theluji, au neno STUDLESS ubavuni, humaanisha tairi la baridi. Tarakimu nne mwishoni mwa msururu unaoanza na DOT hueleza umri: 3519 ni juma la 35 la mwaka wa 2019. Kiwango cha upepo kinachofaa aghalabu huandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, nacho hupimwa angalau mara moja kwa mwezi, tairi likiwa limepoa.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Tairi lenye upepo haba hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, likapata joto na hatimaye kupasuka safarini. Nitrojeni iliyojazwa mara moja ikasahauliwa haiwezi kuzuia hayo, hasa pakiwa na msumari au valvu inayovuja. Anayeilipia kisha akaacha kupima amenunua utulivu wa moyo, si usalama.

Waagizaji magari nao wana wajibu wa kumwambia mnunuzi ukweli kuhusu matairi anayokabidhiwa, na mafundi kumzindua anapoyaleta kwao. Gharama ya kuyabadilisha ni kubwa kwa familia iliyojikaza kununua gari lake la kwanza. Hata hivyo, tahadhari kabla ya hatari: ni afadhali gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu siku ya kununua gari, ingali ni hesabu ya fedha tu.