Mbwa wa Ukambani Wana Wenyewe

Kila kichaa cha mbwa kinapozuka Kitui au Makueni, kaunti mbili za Ukambani nchini Kenya, mjadala huwa ule ule, na huanza kwa mguu mbaya. Kuna wanaotaka mbwa wote wanaorandaranda wapigwe risasi au watupiwe nyama yenye sumu. Kuna wanaotaka kaunti zijenge makao ya kuwatunza, na hawa wamepata nguvu tangu bunge la Uturuki lilipopitisha, mwishoni mwa Julai 2024, sheria inayozitaka serikali za mitaa kuwakusanya mbwa wa mitaani na kuwatia katika makao. Wa kwanza hujiona watu wa vitendo, wa pili hujiona watu wa huruma. Wote wanamzungumzia mnyama ambaye mashambani Ukambani ni nadra kumpata, yaani mbwa asiye na mwenyewe. Msimamo wa makala haya ni kwamba kuua ni upotevu wa risasi, sumu na imani ya wananchi, na kwamba makao yanaweza kungoja. Kinachohitajika ni chanjo, kila mwaka, hadi mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa.

Sheria zenyewe zinachangia vurugu hii. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inaruhusu mbwa wasio chini ya uangalizi kuuawa katika eneo lililotangazwa kuwa na ugonjwa. Ni sheria ya enzi za ukoloni na inanuka hivyo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikazikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa na kuweka mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa hiyo wanaodai makao wana haki ya kuyadai, kwani yameandikwa. Lakini jambo la kwanza linaloorodheshwa katika kifungu hicho ni leseni, na leseni hupewa mtu mwenye mbwa. Waliotunga Katiba walijua kuwa mbwa ana bwana wake kabla hawajafikiria kumjengea kibanda.

Hakuna anayeweza kusema wakazi wa kaunti hizi mbili hawajui makao ya wanyama ni nini. Ithumba, upande wa kaskazini wa Tsavo Mashariki ulio ndani ya Kitui, shirika la Sheldrick Wildlife Trust limelea ndovu yatima tangu 2004. Katika msitu wa Kibwezi, Makueni, shirika hilo hilo lilifungua kituo cha Umani Springs mwaka 2014 kwa ajili ya yatima wenye majeraha au ulemavu ambao wasingeyaweza maisha ya Tsavo. Kazi hiyo ina maana kwa sababu ndama wa ndovu aliyeuliwa mama yake, au aliyekutwa amenasa kisimani, hana pa kwenda. Bila chupa ya maziwa mchana na usiku atakufa. Hayo ndiyo makao: ni kwa asiye na kwao. Mbwa aliyelala chini ya mwembe karibu na soko la Wote, mbavu zikihesabika, anaonekana kama yatima vile vile, lakini jioni ataingia bomani kwake na kubwekea wapita njia hadi alfajiri.

Hili si la kukisia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliichunguza Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Zaidi ya nusu ya kaya zilifuga mbwa, na wengi wa mbwa hao hawakufungwa hata mara moja. Idadi yao ilikuwa ikiongezeka kwa kiasi cha asilimia 9 kwa mwaka. Mbwa dume alitarajiwa kuishi miaka 3.5 tangu kuzaliwa, na jike miaka 2.4 tu. Waliochanjwa, miongoni mwa waliopita umri wa miezi mitatu, walikuwa asilimia 29. Takwimu hizo ni za kizazi kilichopita, lakini maisha ya boma la Mutomo au la Kathonzweni hayajageuka kiasi cha kuzibatilisha. Mbwa bado huandamana na mvulana anayechunga mbuzi, bado hulinda boma usiku, na bado hula makombo ya ugali na chochote atakachookota njiani. Anazurura kwa kuwa hakuna aliyemfunga. Anayemwona barabarani akamwita mbwa koko amehukumu kwa kutazama mara moja.

Tukilikubali hilo, hesabu ya kuua inaporomoka yenyewe. Chukua kijiji chenye mbwa 100, na kati yao 70 wamechanjwa. Kwa kiwango hicho mbwa mmoja mgonjwa akiuma wenzake, wengi wao wana kinga, na ugonjwa hukosa pa kushika. Sasa liletwe gari la kaunti lenye bunduki na nyama ya sumu, liue mbwa 40. Sumu haiulizi cheti cha chanjo, kwa hiyo katika hao 40, kama 28 watakuwa ni waliochanjwa. Wanabaki 60, wenye kinga 42. Lakini boma halikai bila mbwa, maana fisi na mwizi wa mbuzi hawakuuawa siku hiyo. Kila aliyepoteza mbwa atatafuta mwingine kwa jirani, kwa shemeji ng'ambo ya Mto Athi, popote penye jike aliyezaa. Miezi michache baadaye mbwa ni 100 tena, na 40 kati yao ni watoto wasio na chanjo, wengine wametoka mahali ambapo ugonjwa upo. Wenye kinga ni 42 katika 100. Kaunti imetumia fedha za umma kukishusha kijiji kutoka asilimia 70 hadi 42, kisha afisa anasimama redioni kutangaza kuwa operesheni imefaulu! Na hiyo ni kabla ya kuhesabu hasara kubwa zaidi, kwamba msimu ujao gari hilo hilo likija na sanduku la barafu lenye chanjo, watu watawaficha mbwa wao. Nani atamtuma mtoto wake na mbwa kwa kamba ya mkonge kwa watu waliomwulia mwingine mwaka jana?

Yaliyotukia kwingine yanalingana na hesabu hii. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipoingiliwa na kichaa cha mbwa mwishoni mwa miaka ya 1990, laki kadhaa za mbwa ziliuawa, na ugonjwa ungalipo hadi leo. Karibu na sisi, Pemba ilichagua chanjo. Kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka, ukaingia tena mwaka 2016 chanjo ilipolegea, ukaondolewa mara ya pili kufikia 2018 kwa kuchanja tena. Kaunti zinazopakana na Tsavo na Machakos hazina bahari ya kuzilinda kama Pemba, na hiyo ndiyo sababu ya kutoruka mwaka hata mmoja. Jike anayetarajiwa kuishi miaka 2.4 akifa, kinga yake inaondoka naye, na watoto aliowaacha wanaanza upya.

Husemwa kwamba mzazi ambaye mwanawe ameumwa hana muda wa kusikiliza habari za asilimia. Ni kweli, na hofu yake ni halali: dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni karibu muhali, na duniani watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka, wakiwemo watoto wengi. Lakini tazama anavyosaidiwa na wanaoua mbwa. Mtoto aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali kuanza sindano. Mbwa akiwa hai, afungwe na kutazamwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kuzisimamisha sindano. Mbwa akishauawa na kutupwa kichakani, jibu limetupwa pamoja naye, isipokuwa mtu akate kichwa na kukifikisha kikiwa baridi kwenye maabara, mfano ile ya Kabete. Kutoka Kyuso au Ikutha, juani, nani hufanya hivyo? Kwa hiyo familia hukopa, huuza mbuzi, hurudi hospitali mara nne au tano kwa sindano ambazo pengine hazikuhitajika, huku waliomuua mbwa wakipongezwa kwa ujasiri. Inachosha kuona kosa hili likirudiwa mwaka baada ya mwaka na watu wanaojiita viongozi.

Wanaodai makao wasikilizwe kwa jambo moja. Mbwa aliyegongwa na lori Mtito Andei, punda aliyechubuka mgongo kwa mitungi ya maji, paka wenye upele sokoni Mwingi, hao wanahitaji pa kutibiwa, na zahanati ndogo ya mifugo yenye vizimba vichache vya kuwatazamia mbwa waliouma watu ingefaa katika kila kaunti ndogo. Hayo ni machache kuliko yanayodaiwa. Uturuki ilikadiriwa kuwa na mbwa wa mitaani milioni 4 ilipopitisha sheria yake, huku makao yaliyopo yakitosha mbwa wapatao 105,000. Kaunti ambayo zahanati zake za watu hupungukiwa dawa isijidanganye kuwa italisha mamia ya mbwa waliotolewa kwa wenyewe.

Gharama nayo hutajwa kana kwamba inamaliza hoja. Fedha za sindano za mtu mmoja aliyeumwa zingewachanja mbwa wengi, na fedha hizo tayari zinatumika, ila zinatoka mfukoni mwa mwananchi ambapo kaunti haizioni. Mkakati wa taifa wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa, ulioanza 2014 na unaoishia 2030, uliiweka Makueni miongoni mwa kaunti za majaribio, na shirika la World Animal Protection likasaidia kampeni za chanjo huko. Kwa hiyo kazi hii si ngeni kwa maafisa wa mifugo. Wanajua kuwa chanjo hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwamba watoto ndio huleta mbwa, na kwamba kumwacha mtoto wa mbwa eti ni mdogo mno ni kosa. Kinachokosekana ni bajeti isiyongoja mfadhili.

Mwaka wa fedha wa kaunti huisha Juni 30, na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Mwananchi wa Kitui au Makueni atakayehudhuria kikao cha maoni kuhusu bajeti na amwulize mwakilishi wa wadi yake swali moja: fedha za chanjo ya mbwa ziko ukurasa gani, na zinatosha mbwa wangapi?