Usiuze Rili Yako Bado

Mwandishi mmoja amewashauri wavuvi wa muski wa Wisconsin na Minnesota waachane na rili zao za zamani, wanunue zenye gia ya 7.3:1, eti samaki huyu hupenda chambo kinachokimbia. Kupenda, anapenda. Lakini anayezungusha ni nani?

Gia hiyo maana yake ngoma ya mshipi huzunguka mara 7.3 kwa kila mzunguko mmoja wa mkono wa rili. Ukiilinganisha na 5.3:1, kwa ngoma ya kipenyo kilekile, mkono unadai nguvu zaidi kwa theluthi na ushei. Sasa funga chambo chenye mabapa mawili ya namba 10, yanayosukuma maji kama makasia, ukirushe tangu asubuhi hadi jioni: kiwiko kitakujibu kabla ya muski. Hapo gia ya chini ndiyo mwenzako. Ya kasi ina kazi yake, hasa kwa vyambo vya mpira vinavyovutwa kwa mikupuo, ambapo mshipi uliolegea lazima ukusanywe upesi.

Anapohimiza beringi za kauri, nacheka kidogo. Chambo cha gramu 200 hakihitaji msaada kuruka! Fedha hiyo inunue mkono mrefu zaidi. Ukitoka milimita 100 hadi 120, nguvu inayohitajika hupungua kwa sehemu moja ya sita. Chenji ibadilishe washa za breki ziwe za kaboni, maana muski mara nyingi huuma kando ya boti, mshipi ukiwa mfupi. Rili ya zamani kama Abu Garcia Ambassadeur, ikifanyiwa hayo, bado inavua.