Filta Si Helmeti ya Lenzi

Katika maduka mengi ya kamera, iwe Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi, mteja akishalipia lenzi mpya haachwi aondoke hivi hivi. Muuzaji huvuta droo, akatoa kiboksi chembamba cha plastiki, akachomoa kioo cha duara na kukikaza mdomoni mwa lenzi kwa mizunguko mitatu minne. "Hii UV, ya kulinda. Ongeza kidogo tu." Mteja anaongeza, maana nani asiyejua kwamba tahadhari huja kabla ya hatari? Tangu siku hiyo kioo kile hakivuliwi tena mpaka lenzi iuzwe.

Hapo kuna imani mbili zilizofungwa pamoja: kwamba kila lenzi lazima ivae filta ya UV, na kwamba filta yoyote inafaa ilimradi inakinga. Zote mbili ni potofu, na ya pili ndiyo inayoumiza zaidi.

UV ni miale ya urujuanimno ambayo jicho la binadamu halioni. Filamu za zamani ziliiona. Picha za milimani na baharini zilitoka na ukungu wa bluu, na filta ya UV iliupunguza. Ilikuwa na kazi ya kweli. Kamera ya dijitali hubeba kichujio chake mbele ya sensa, na vioo vya lenzi yenyewe humeza sehemu kubwa ya miale hiyo kabla haijafika huko. Kazi ya asili ikaisha. Biashara haikuisha, ikatafutiwa sababu mpya: ulinzi.

Gharama ya ulinzi huo inaanzia kwenye kioo chenyewe. Kioo kisichopakwa utando wowote hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, na filta ina nyuso mbili. Karibu asilimia 8 ya mwanga haipiti. Kupungua huko si hoja, kamera hufidia. Hoja ni kule mwanga uliorudishwa unakokwenda. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Carl Zeiss, alivumbua utando mwembamba wa kupunguza mwanga unaorudi kwenye kioo, na tangu hapo watengenezaji wa lenzi hawajaacha kuuboresha, tabaka juu ya tabaka, hadi lenzi yenye vioo zaidi ya kumi ikaweza kupitisha mwanga bila kuuchafua. Kisha mtu anainunua kazi hiyo yote kwa akiba ya miezi, na kuizibia mbele kwa kipande kisichotofautiana sana na kioo cha dirisha.

Matokeo yake yanaonekana wazi usiku. Mpiga picha akisimama Forodhani, Unguja, akaelekeza kamera kwenye meza za mishikaki na balbu zinazoning'inia juu yake, picha itatoka na vidoa vya kijani upande wa pili wa fremu. Akivikuza ataona kwamba kila kidoa ni balbu ileile, imepinduliwa kichwa chini. Mwanga uligonga sensa, ukarudi nyuma kupitia lenzi, ukakutana na uso bapa wa filta, ukarudishwa tena kwenye sensa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Uso wa lenzi umejipinda na hutawanya mwanga wa namna hiyo. Uso bapa hautawanyi. Ndivyo vidoa vinavyotua kwenye shela la bibi harusi ukumbini, kisha fundi wa kompyuta akakesha akivifuta kimoja kimoja. Kuvua filta na kupiga tena kungechukua nusu dakika.

Mbugani madhara ni ya kimyakimya zaidi. Lenzi ya milimita 400 hukuza kila kasoro iliyo mbele yake, na filta ambayo haikusagwa ikawa bapa sawasawa hugeuza manyoya ya simba kuwa pamba. Mwenye kamera hulaumu mkono wake, au dereva ambaye hakuzima injini. Wengine hufika hadi kuiuza lenzi, nzima kabisa, wakiamini kwamba waliuziwa mbovu.

Na ulinzi je? Steve Perry, mpiga picha wa wanyamapori wa Marekani, aliwahi kuangusha uzito juu ya filta na juu ya vioo vya mbele vya lenzi kuukuu. Filta zilivunjika kwa pigo dogo. Vioo vya lenzi vikavumilia mapigo makubwa zaidi. Kwa hiyo picha ya filta iliyopasuka huku lenzi ikiwa salama, ambayo watu huonyeshana kama ushahidi, haithibitishi kwamba filta iliokoa kitu. Inathibitisha kwamba filta ilipasuka. Vipande vyake vikali, tena, vinaweza kuukwaruza ule uso uliokusudiwa kulindwa. Kinachopokea pigo kweli kamera ikianguka ni hudi, ile kofia ya plastiki ya mdomo wa lenzi, ambayo pia huzuia jua la pembeni. Wengi huiacha nyumbani ndani ya boksi.

Tena si kila lenzi inaweza kuvaa filta hiyo. Lenzi ya Nikon ya 14–24mm f/2.8, iliyotoka 2007, ina kioo cha mbele kilichovimba kama jicho la samaki na haina hesi ya kufungia filta hata moja. Wapiga picha wameizungusha majangwani na baharini miaka yote hiyo.

Hata hivyo, zipo hali ambazo filta ya kinga inahitajika: chumvi ya mawimbi kwenye ngalawa, vumbi la Amboseli linaloingia hadi ndani ya soksi. Canon yenyewe husema kwamba baadhi ya lenzi zake, kama ile ya 17–40mm f/4L, hazijazibwa kikamilifu dhidi ya vumbi na unyevu mpaka zifungwe filta mbele. Hapo ivaliwe. Lakini iwe yenye tando nyingi pande zote mbili, kwa sababu itakuwa sehemu ya lenzi kama kioo kingine chochote kilichomo.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba pesa ya UV hafifu ingeanza kuchangia filta yenye kazi. Mwezi Aprili 1927, huko Yosemite, Marekani, mpiga picha Ansel Adams alipiga picha ya mwamba wa Half Dome kwa filta ya njano, akatambua kwamba anga lingetoka jepesi mno. Akafunga filta nyekundu iliyokolea kwenye lenzi na kutumia bamba lake la mwisho la picha. Anga likawa karibu jeusi, na picha ile bado inatundikwa kwenye makumbusho. Leo rangi hurekebishwa kwenye kompyuta, lakini polaraiza, filta ya kukata mng'ao, haina mbadala: hakuna programu inayoweza kurudisha matumbawe yaliyofunikwa na mng'ao wa maji. Nayo inataka kueleweka. Nguvu yake ya kukoleza anga iko nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Machi na Oktoba, jua la saa sita mchana likipita karibu na utosi wa Dar es Salaam, anga linalokolea ni lile la chini, pande zote za upeo. Kitabu cha Ulaya hakitamwambia hilo mpiga picha wa Kigamboni.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aipeleke filta chini ya taa ya tyubu na kuitazama taa ikijiakisi juu yake. Ikionekana nyeupe na kali kama dirishani, utando hakuna. Ikiwa imefifia, ya kijani au zambarau, upo. Kisha apige bango lenye maandishi madogo ng'ambo ya barabara mara mbili, na filta na bila filta, akuze herufi kwenye skrini. Zikitofautiana, kiboksi kirudi kwenye droo na aulizie bei ya hudi.