Ghorofa Haizalishi

Imeota mizizi katika mitaa ya Tuwan, mjini Kitale, na katika vijiji vinavyoifuata barabara itokayo huko kwenda Bungoma, itikadi ambayo wake kwa waume huikariri kana kwamba ni wahyi: kwamba mja mzito mwenye akili hutafuta hospitali iliyo kubwa kuliko zote, na kwamba yule asemaye anataka kujifungua kwa nguvu zake mwenyewe, pasipo dawa ya kutuliza utungu wala dripu ya kuuhimiza, hana haja ya kuchagua chochote, kwa kuwa utungu ni utungu popote utakapomkuta. Nakusudia kuipinga itikadi hii nzima, nami nitaanzia mkiani.

Katika hospitali za wenye nafasi jijini Nairobi, mzazi huulizwa kama atapenda kuchomwa sindano ya ganzi mgongoni, naye akikataa huhesabiwa kuwa ameteua. Tuwan hakuna amwulizaye. Katika wodi nyingi za uzazi za serikali sindano hiyo haipo, wala tabibu wa ganzi wa kukesha naye hayupo, basi jambo ambalo kwa tajiri ni hiari, kwa maskini limekuwa kadari. Lakini ni hapo hasa hoja ya wapinzani wangu inapowageukia wenyewe, maana mzazi asiye na dawa hana cha kumsaidia ila binadamu aliye kando yake, na akikosea katika kumchagua huyo amekosea katika yote. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 na jumuiya ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba mzazi asiyeachwa peke yake tangu utungu uanze hadi mtoto atoke ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, utungu wake hufupika, na haja yake ya dawa na ya kisu hupungua. Na mwenzake huyo si lazima awe mtaalamu: aweza kuwa shoga, dada au mavyaa, ilimradi mlango wa wodi usifungwe usoni pake.

Ama kuhusu ukubwa, Bungoma imekwisha kutupa funzo ambalo ni ajabu kwamba tumelisahau upesi. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilifuta ada za uzazi katika hospitali zake, jambo jema lisilo na shaka, wodi zikafurika, wakunga wakabaki wale wale. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo mwanamke mmoja aliingia katika hospitali ya Bungoma, ambayo ndiyo iliyokuwa kubwa na ndiyo iliyokuwa ikisifiwa, ili aanzishiwe utungu kwa dawa, na dawa yenyewe akalazimika kuinunua kwa fedha zake. Saa yake ilipowadia hakupata kitanda. Akazaa sakafuni, ukumbini, na wauguzi waliomkuta hapo wakampiga makofi na kumtukana, picha zikanaswa kwa simu na nchi nzima ikaziona. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama Kuu, ikiketi Bungoma, iliamua kwamba heshima yake na haki yake ya afya zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Zingatia mpangilio wa mambo hayo: dawa ilikuwapo, jengo lilikuwapo, na mkunga wa kumshika mkono hakuwapo.

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa jibu hilo lina mashiko. “Mwanangu,” atasema mama mkwe, “na damu ikimtoka, kijumba chako hicho cha zahanati kitamfaa nini?” Swali ni la haki, na sitaki kulikwepa. Mwenye kovu la upasuaji, mwenye shinikizo la damu, mwenye pacha, au ambaye mtoto wake amelala vibaya, huyo aende penye chumba cha upasuaji asishauriane na mtu. Wala asidhani mtu yeyote kwamba kuzaa bila dawa ni kukataa hata ile sindano ya oksitosini ichomwayo mara mtoto anapotoka ili kuzuia damu. Kuikataa hiyo si ushujaa, ni ujahili. Lakini jaribio kubwa lililofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini katika hospitali 80, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2023, lilipunguza balaa la damu nyingi baada ya kuzaa kwa asilimia 60, na kilichotangulia yote si mashine wala ghorofa, bali kitambaa cha plastiki chenye alama, kiwekwacho chini ya mzazi ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, pamoja na mkunga aliyezoezwa kutenda yote yampasayo kwa pamoja mara alama ile inapofikiwa. Kitambaa hakina faida pasipo wa kukitazama.

Basi mja mzito wa Tuwan, ambaye hospitali ya kaunti haiko mbali naye kwa bodaboda, asiulize kwanza jengo lina ukubwa gani. Aende akiwa bado na miezi miwili mkononi, aulize wakunga wangapi hubaki usiku na wazazi wangapi. Aulize kama ataruhusiwa kutembea na kupiga magoti, au atalazwa chali tu. Aulize kama wazazi wote hukatwa njia kwa desturi, na kama dripu hutundikwa kwa sababu tu sentimita moja haikuongezeka kwa saa moja, mambo ambayo Shirika la Afya Duniani liliyakataa waziwazi katika miongozo yake ya mwaka 2018. Na kama ni kituo kidogo, aulize gari la wagonjwa liko wapi, na kama lina mafuta. Kutokana na namna atakavyojibiwa, kwa staha au kwa kebehi, atajua mengi kuliko atakayoyasoma langoni.

Mwaka 2014 waliozaa mikononi mwa mtaalamu nchini Kenya walikuwa asilimia 62. Kufikia 2022 walikuwa 89. Wanawake wamekwisha kutii amri ya kwenda hospitalini, na sasa zamu ya kujibu ni ya hospitali. Katika hospitali za umma hutundikwa ubao wa mkataba wa huduma, unaoorodhesha ada na muda wa kungoja. Na uongezwe mstari mmoja, uandikwe upya kila jioni, unaotaja idadi ya wakunga waliopo zamu usiku huo na idadi ya wazazi waliomo wodini.