Apewe Mwenyewe

Wako wasemao kwamba wimbo ukiwa mtamu, haidhuru aliyeutunga ni nani. Usiwakubali, msomaji. Alessandro Marcello wa Venice alitunga koncheto ya obo, yaani zumari la Kizungu lijibizanalo na okestra nzima. Ilipigwa chapa Amsterdam mwaka 1717, kwa jina lake. Bach naye aliigeuza ipigwe kwa kinanda peke yake. Baadaye wataalamu wakadai kuwa ni ya Vivaldi. Wengine wakampa Benedetto, nduguye mdogo Alessandro aliyevuma kuliko yeye! Na kitabu chenye jina la mwenyewe kilikuwapo siku zote. Sehemu ile ya kati, zumari liliapo polepole juu ya fidla, ilitoka kifuani mwa mtu mmoja. Je, insha yako ikisomwa darasani kwa jina la mwenzio aliye mashuhuri, utasema haidhuru?