Wanawake Tisa wa Ufaransa na Kadi ya Soweto East

Mama wa Soweto East, Kibera, akifungua pindo la leso hutoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Cha maana kwenye kadi ni tarehe ya kurudi. Ile ya zamani ilijaa ikatupwa. Muulize amedungwa Depo, sindano ya kupanga uzazi, kwa miaka mingapi, atakuhesabia kwa mtoto: tangu huyu kitinda mimba aanze nasari. Kijana mwenyewe sasa ana ndevu. Sindano nne kwa mwaka, kwa miaka kumi na mitano, ni sindano sitini.

Hesabu hiyo si ya kupuuzwa tena. Machi 2024 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa Ufaransa uliochunguza wanawake 18,061 waliopasuliwa kichwa kuondolewa meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Kwa waliodungwa dawa iliyomo ndani ya Depo mwaka mzima au zaidi, hatari ya kufikia upasuaji huo ilikuwa kama mara tano na nusu ya wasiodungwa. Uvimbe huu mara nyingi si saratani. Lakini fuvu halipanuki: ukikua hubana, kichwa kikauma, macho yakafifia, wengine wakaanguka kifafa. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na zaidi umri ukisonga.

Lakini kati ya hao 18,061, waliohesabiwa kuwa watumiaji wa sindano hii walikuwa tisa. Tisa tu! Ufaransa sindano hii ni nadra. Huku kwetu ni miongoni mwa njia za kupanga uzazi zinazotumiwa zaidi, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Ushahidi mzito uko Kibera na Kawangware, na tunasubiri Wafaransa watuhesabie.

Dawa ya Depo ni homoni. Homoni huja pia kwa vidonge, vile vya kutuliza joto la ukomo wa hedhi, lakini hiyo ni habari ya mitaa mingine ya Nairobi. Shosho wa Soweto East homoni yake aliipata kwa sindano, akiwa kijana. Leo ana miaka sitini, kichwa kinamgonga kila asubuhi, ananunua Panadol dukani. Akienda kliniki anapimwa presha. Nani anamuuliza kuhusu Depo?

Hatusemi sindano iachwe. Meninjioma ni ugonjwa wa nadra, na hatari ndogo ikizidishwa mara tano bado ni ndogo. Mimba isiyotarajiwa kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, na vichochoro ambako nyingine hutolewa, vimeua wengi tunaowajua. Anayetaka kubadilisha aongee na nesi kwanza: utafiti huohuo haukuona hatari hiyo kwa koili ya homoni ya levonogestreli, na koili ya shaba haina homoni kabisa.

Tunachotaka kwa Wizara ya Afya na kaunti si kikubwa. Idadi ya sindano iandikwe kwenye kadi isiyotupwa. Hospitali zinazopasua ubongo zimuulize kila mama mwenye meninjioma historia yake ya uzazi wa mpango, na majibu yakusanywe mahali pamoja.

Nawe mama, usingoje wizara. Chukua kalamu leo, andika nyuma ya kadi mwaka ulioanza kudungwa. Kichwa kikiuma wiki baada ya wiki, au macho yakianza kufifia, mwonyeshe daktari kadi hiyo kabla hajakuandikia dawa.